Mpunga Usiolala

Hapo zamani, si zamani ya majini wala wafalme, zamani ya juzi tu, palikuwa na bonde ambalo mpunga wake ulikuwa mrefu na wenye kunukia. Kasoro yake ilikuwa moja: upepo ukivuma, ulilala. Ukilala, unaoza. Kila mwaka watu walivuna nusu, nusu wakayaachia maji.

Bondeni humo aliishi Bi Siwatu, hana mume, hana mtoto, hana hata wa kugombana naye. Alikuwa na kibuyu cha mbegu aliyoachiwa na mama yake. Mbegu safi, maana kila msimu aling'oa mche wowote usiofanana na wenzake. Bonde zima lilifanya hivyo.

Akaja Haroub, mtaalamu wa mionzi. Akamweleza kwamba ndani ya punje mna maagizo ambayo mpunga huwarithisha wanawe: refuka, nukia, lala. Miale ikipenya huweza kuyabadili, na yakishabadilika, wana na wajukuu huyafuata. Ila miale haionekani wala haichagui, na punje nyingi zitakufa. Bi Siwatu akampa kibuyu chote. Alisema hana wa kumrithisha.

Haroub akajifungia na mashine yake nyuma ya kuta nene, mahali ambapo mtu haingii na mwenzake. Miale ikipungua, haibadiliki hata punje moja. Ikizidi, zinakufa zote. Alihangaika mpaka akapata kipimo. Mbegu zikapandwa. Nyingi hazikuota, na zilizoota zilikuwa dhaifu, zikazaa mpunga uleule. Watu wakamcheka sana. Akahamishwa kazi, akaacha neno moja tu: pandeni tena, mabadiliko hujificha mpaka kizazi cha pili.

Wakapanda tena mbegu za mavuno yale, wakamweka mwanamke mmoja, Mize, aamie ndege wasile mpunga. Huyu Mize alishinda juu ya dungu, jukwaa la miti shambani, akipiga debe, na hakuna aliyepita kumjulia hali. Watu walimkumbuka pale tu ndege walipokuwa wengi.

Siku moja akaona mche mfupi katikati ya mirefu. Bi Siwatu naye akauona, akaingia shambani kuung'oa. Tusimlaumu upesi. Alikuwa anangoja mpunga bora, na mpunga wa mama yake haukuwahi kuwa kibeti. Mkono ulishashika shina pale Mize aliposhuka.

"Uache, bi mkubwa," alisema. "Ukiung'oa huu, na mimi naacha dungu leo, tafuteni mwengine."

Bi Siwatu akauacha kwa hasira. Kisha upepo ukaja, bonde zima likalala, na mche ule ukabaki wima peke yake. Mbegu zake zikapandwa, zikasimama. Wajukuu wake nao wakasimama.

Sasa, mila ya bonde ni hii: mbegu mpya hupewa jina la mtu mmoja tu, na kila mpanzi hulitaja kabla ya kuitupa ardhini. Haroub akarudi, watu wakakusanyika.

Bi Siwatu akasema, "Mbegu ni ya mama yangu, nami niliitoa yote. Nikifa hakuna kinywa kitakachoniita. Niacheni niitwe humu bondeni."

Haroub akasema, "Bila miale yangu mpunga ungelala mpaka kiyama. Nilichekwa na kila mtu, na nyumbani sina wa kumwonyesha kazi hii."

Mize akasema, "Mimi mambo ya maagizo siyajui. Wala sikujua kama mche ule utafaa. Niliuona uko peke yake kama mimi, nikauonea huruma. Lakini bila mimi ungeng'olewa."

Mvua imeshaanza. Wapanzi wamesimama na mbegu viganjani, wanangoja jina. Likitajwa moja, wawili kati ya hawa watarudi kwenye nyumba ambazo hakuna anayewaita. Nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza, semeni: je, nani anastahili kutajwa?