Cherehani ya Mjane

Nani kati yenu amewahi kumwombea mkosaji huku anajua kabisa kwamba mkosaji ni yeye? Msiangalie chini. Sikilizeni.

Mwenyekiti mmoja wa kina mama wa kanisa alialikwa mkutanoni kwenye kisiwa cha Karibi. Akapokelewa na mjane mshonaji, aliyeishi na mkaza mwana wake. Akalazwa katika chumba cha kushonea. Asubuhi akatoa pasi yake ya kutoka nyumbani, anyooshe kitenge cha sare.

"Mama, umeme wetu ni nusu ya wenu," mkaza mwana akamwambia. "Chukua pasi yetu."

"Umeme ni umeme, mwanangu. Nimekuja na adapta."

Adapta ikaingia ukutani bila taabu. Pasi ikapata uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Je, alikwenda kuomba ile nyingine? Mwenyekiti? Thubutu! Akachomoa cherehani ya mjane, akachomeka transfoma, kisanduku kizito cha kupandisha umeme alichofungashiwa na mwanawe. Kitenge kikanyooka. Kisha, mbio mbio awahi chai, akairudisha plagi ya cherehani. Hakuirudisha ukutani, aliichomeka kwenye transfoma, ambayo tundu lake humeza plagi ya nchi yoyote.

Baadaye mjane akaketi kushona. Alipokanyaga tu, cherehani ikalia kama mbuzi, ikafuka moshi, ikanyamaza. Mgeni akawahi kuchomoa nyaya, na kwa kisigino akaisukuma transfoma chini ya kitanda.

"Ni wewe!" mjane akamfokea mkaza mwana. "Jana nani alikuwa anaichezea? Hii ndiyo inayotulisha! Funga virago, urudi kwa mama yako."

"Mama, naapa, niliiacha nzima."

"Unaapa uongo mbele ya mtumishi wa Mungu?"

Na mtumishi wa Mungu akafanya nini? Akawashika mikono, akafumba macho: "Bwana, ulainishe moyo wa aliyekosa, aungame." Sauti ikatetemeka palepale inapotakiwa kutetemeka.

Ndugu zangu, adapta hubadilisha miguu ya plagi tu. Nguvu ya umeme haiigusi. Nasi tuna maneno yanayoingia kila tundu: msibani, harusini, mbele ya askofu. Yanakaa sawasawa, wala hayachezi. Lakini ndani yetu kumebadilika nini? Tunawaita wenzetu watubu, na kisigino chetu bado kina vumbi la chini ya kitanda! Tunangoja nini? Mpaka asiye na hatia afike mlangoni?

Maana alifika. Mkaza mwana alikunja nguo zake, akabeba begi, akapiga goti mbele ya mgeni.

"Asante kwa kuniombea, Mama. Labda kweli niliiharibu bila kujua."

Mgeni akafungua kinywa aseme amina. Haikutoka.

"Inuka, mwanangu," akasema, kisha akamgeukia mjane. "Cherehani yako nimeiunguza mimi. Niliichomeka kwenye transfoma yangu, na nilipoona moshi nikaificha chini ya kitanda."