Mwalimu Mkuu Kiboko Aliyetaka Kuambiwa Kweli

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio mpo?

Tupo!

Basi tegeni. Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na shule yao. Haikuwa na kuta. Ilikuwa ukingoni mwa mto mpana, penye mchanga na matete. Somo lake kubwa lilikuwa kuvuka mto. Maana kila kiangazi majani yalikauka upande huu, yakabaki mabichi upande wa pili. Asiyejua kuvuka alikaa na njaa.

Mwalimu mkuu alikuwa Kiboko. Aliipenda shule ile kama mwanawe. Na alikuwa na mtindo wake wa kuvuka, aliofundishwa na mama yake.

"Zameni!" alisema. "Kanyageni tope! Tembeeni chini ya maji mpaka ng'ambo!"

Naye akazama, bubububu, akatembea chini kwa chini, akaibuka ng'ambo, pwaa!

Mwalimu Kenge akafundisha hivyo hivyo. Mwalimu Bata akafundisha hivyo hivyo. Wanafunzi wakazama, wakakohoa. Wakazama tena, wakakohoa tena.

Kila juma likiisha, Kiboko aliwakusanya walimu. "Haya, walimu wenzangu, niambieni kweli. Shule yetu inakwendaje?"

Kisha akafungua kinywa, aaaah! Meno yote nje, makubwa kama pembe.

Kenge akatazama mkia wake. Bata akatazama maji.

"Inakwenda vizuri, Mkuu!"

"Vizuri sana, Mkuu!"

Kiboko akafurahi, lakini si sana. Mbona watoto wanakuja shule wakiburuta miguu? Mbona Bata, aliyekuwa akiimba darasani, siku hizi haimbi? Akauliza tena. Akajibiwa vile vile: "Vizuri, Mkuu!"

Kiangazi kikabisha hodi. Siku ya majaribio ikafika. Wazazi wakajaa ukingoni. Wa kwanza kuingia alikuwa binti Swala, mwenye miguu myembamba kama vijiti. Akazama. Bubububu. Wakangoja. Mapovu yakapanda. Wakangoja. Mapovu yakakoma.

"Mwanangu!" mama yake akalia.

Chubwi! Kenge alikwishajitosa. Akapiga mkia, akapiga mkia, akaibuka naye. Binti Swala akatapika maji, akahema, akalia. Yu hai!

Kiboko alitetemeka mwili mzima, na mwili wenyewe mnaujua ulivyo. Wazazi walipoondoka, akawaita walimu.

"Mlijua kwamba mtindo wangu hauwafai watoto?"

Walimu wakatazama mchanga.

"Mlijua?"

"Tulijua, Mkuu," Bata akasema kwa sauti ndogo.

"Na hamkuniambia! Kwa nini?" Kinywa kikafunguka, aaaah!

Walimu wakaruka nyuma. Bata akatokomea kwenye matete, chakacha, chakacha. Kenge peke yake hakwenda mbali. Alikuwa bado amelowa, na baada ya kumtoa mtoto majini, hofu nyingine zote alikuwa amezichoka.

"Ni hicho, Mkuu," akasema.

"Hicho nini?"

"Hicho kinywa. Unatuuliza, halafu unatutolea meno. Nani atasema?"

"Lakini mimi hufungua kinywa nikiwa na wasiwasi! Ndivyo tulivyo sisi viboko."

"Wewe unajua ni wasiwasi. Sisi tunaona meno."

Maneno yale yalimchoma Kiboko. Alitaka kubisha. Alitaka kuwakumbusha alivyojitolea kwa shule ile. Kisha akamkumbuka mtoto alivyolala mchangani. Akajilaza chini, kidevu kikagusa mchanga, macho yake yakawa sawa na ya Kenge.

"Nimekosea," akasema. "Nimemfundisha kila mtoto kana kwamba ni kiboko. Sasa niambieni na mengine. Ninafanya nini kinachowaharibia kazi?"

Akauma fungu la matete, kinywa kisije kikafunguka.

Bata akajitokeza, hatua kwa hatua. "Mkuu, nikianza wimbo darasani, wewe unaingia na kusema, 'Kelele!' Watoto wangu hujifunza kwa wimbo. Niliacha kuimba, na wao wakaacha kuelewa."

Krr, krr, matete yakasagika. Bata alipomaliza, Kiboko akayatema.

"Asante, mwalimu. Nimesikia."

Bata hakuamini. Ni maneno tu, alijisemea. Lakini kesho yake Kiboko alikwenda darasani kwake, akakaa nyuma kabisa. Wimbo ukaanza. Hakusema, "Kelele!" Wimbo ukaendelea, na masikio yake madogo yakaanza kuucheza, tiki, tiki, tiki. Watoto wakageuka, wakaona, wakacheka. Ndipo Bata akaamini.

Basi maneno yakaanza kutoka. Kenge alitaka afundishe kuogelea juu ya maji. "Jaribu," Kiboko akasema. Bata alitaka majaribio yafutwe. "Hapana," Kiboko akasema, "mto hautamwonea mtoto huruma, ni lazima tujue nani yuko tayari. Ila yafanyike kwenye maji ya kina kifupi." Bata akafikiri, akakubali. Hata wanafunzi waliulizwa, nao wakasema kinachowatisha ni mkondo wa katikati. Walimu wakafundisha kwa moyo. Watoto wakaanza kuja shule mbio, vumbi nyuma yao.

Majani yakakauka. Siku ya kuvuka ikafika. Kiboko akaenda kusimama katikati ya mto, awakinge wadogo na mkondo. Binti Swala akaingia, kichwa juu, miguu chaka chaka chaka. Alipofika katikati akapaza sauti, mbele ya wote:

"Mkuu, sogea! Umeniziba njia!"

Ukingoni wazazi wakatazamana. Mwanafunzi anamwambia Mwalimu Mkuu asogee!

Kiboko akasogea.

Binti Swala akapita. Chaka chaka chaka, akakanyaga ng'ambo, majani mabichi yakamfika magotini. Nyuma yake wakaja wenzake, wote, hakubaki hata mmoja.

Basi wenzangu, funzo ni hili: kiongozi anayetaka kuambiwa kweli, kwanza awaondolee watu hofu ya kuisema, na akishaisikia, aifanyie kazi. Hapo walimu watafundisha kwa moyo, na watoto watafika wanakokwenda.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uliyeisikia, msimulie ambaye hakuwepo.