Kwa Nini Rangi Huungoja Mkaa

Mnanung'unika, nawasikia. Rangi ziko tayari, ukuta umeshakauka, nami tangu asubuhi nawashikisha mkaa tu. Haya, tulizeni mikono mnisikilize.

Zamani za kale, mkaa ulikuwa wa jikoni. Wachoraji walianza na rangi na kumaliza na rangi, na mwenye rangi nyingi ndiye aliyeitwa fundi. Huko milimani Upare alikuwako mmoja, Senzota, aliyejua kukamua kijani kutoka kila jani na wekundu kutoka udongo wa korongoni. Milima aliichora akiwa ameketi kivulini, wala kichwa hainui. "Mlima ni mlima," alikuwa akisema, na watu wakicheka naye kwa kuwa walimpenda.

Basi binti mmoja wa huko huko, Namkunda, akaolewa tambarare, nchi kavu isiyo na hata kilima cha kupumzishia macho. Mume alikuwa mwema, mama mkwe mwema zaidi, lakini hamu ya kwao ilimshika binti hata chakula kikamshinda. Akakonda, akabaki mifupa. Mama mkwe akaogopa kwamba mtoto wa watu atamfia mikononi. Akatuma Senzota aitwe, aje amchoree ukutani milima ya kwao, huenda moyo ukatulia.

Senzota akaja na vibuyu vyake vya rangi. Akapaka ukuta mzima, kijani juu ya kijani, majirani wakamshangilia. Namkunda akaletwa, akaketishwa mbele ya ukuta. Akatazama, akatazama, machozi yakamtoka.

"Pazuri, baba," akasema. "Lakini hapa sipajui."

Kauli ile ilimchoma Senzota kuliko tusi. Akarudi milimani na hasira zake, akakuta kiangazi kimekausha kila kitu. Kijani hakuna. Ndipo kwa mara ya kwanza akaiona milima yenyewe: huu umeinamisha bega, ule umechongoka, na katikati njia imejikunja. Na mwenye macho haambiwi tazama, ila huyu fundi wetu alikuwa nayo siku zote asiyatumie! Akaomba mkaa jikoni kwa mama yake Namkunda, akaifuatisha migongo ile juu ya gome la mti, akafuta, akafuatisha tena, hata viganja vikawa vyeusi.

Akashuka tambarare. Akausiriba ukuta upya kwa udongo mweupe, akakifunika kijani chake chote, na msidhani haikumuuma. Ulipokauka, akachora mistari mitupu ya mkaa. Alipogeuka kuchukua rangi, Namkunda alikwisha kuinuka. Kidole chake kilikuwa ukutani, kikiteremka polepole juu ya mstari.

"Mama hupita hapa akienda mtoni," akasema. "Hapa hutua mtungi." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, kuna uji?"

Mama mkwe akakimbilia jikoni huku analia. Senzota, kwa furaha, akafungua kibuyu cha kijani, lakini Namkunda akamzuia mkono.

"Ngoja kwanza, baba. Sijafika nyumbani."

Na tangu siku hiyo mchoraji wa milima hutanguliza mkaa, nayo rangi hungoja. Hafungui kibuyu hata kimoja mpaka mwenye ukuta apitishe kidole juu ya mistari, taratibu, afike kwao.