Bata wa Haji Mkwinda

Haji Mkwinda, tajiri wa mashine ya mpunga, alimwita Desideri mpiga kasia, ambaye wanawe walikuwa wakililia kitoweo.

"Nipeleke nikawinde bata. Nyama yangu yote, wewe chukua manyoya."

"Sawa, mzee wangu. Ila bata wana masikio. Ukitamka neno, wameruka."

Wakajificha ndani ya mtumbwi uliofunikwa matete. Haji alibana midomo, akafyatua bunduki. Bata wakafa papo hapo majini.

Nchi kavu, mashehe waalikwa walisubiri karamu. Desideri akauliza mbele yao, "Haji, ulipofyatua ulisema Bismillahi?"

"Si wewe uliyeniambia ninyamaze!"

"Astaghfirullahi!" mashehe wakaruka nyuma. "Vibudu hivyo!"

"Basi sisi Wakristo tutawasitiri," Desideri akasema. "Tafadhali Haji, niazime sufuria kubwa."