Ufunguo wa Sukari Alioumeza Fisi

Hadithi!
— Itafune!
Nimeze?
— Bado!
Nimeze sasa?
— Bado, haijawa tamu!

Basi tulieni. Palikuwa na Buku, yule panya mkubwa wa porini mwenye mifuko mashavuni. Siku nyingi alibeba mihogo, akaimenya, akaianika ikawa makopa, akajaza kihenge pomoni. Alikuwa na watoto sita, na mvua ilikuwa bado mbali.

Akaja Fisi. Hakupiga hodi. Akatia kichwa ndani ya kihenge. Nyaku, glup! Nyaku, glup!

"Bwana Fisi, hicho ni chakula cha wanangu!" akasema Buku.

"Kilikuwa," akajibu Fisi. Nyaku, glup!

Buku akalia? Hakulia. Alimtazama anavyomeza, akatikisa kichwa.

"Masikini! Anakula makopa, sukari anaiacha."

Fisi akasimamisha masikio. "Sukari? Sukari iko wapi?"

"Humo humo ndani ya makopa. Huo wanga unaoumeza ni sukari nyingi zilizofungwa mnyororo mmoja. Zikiwa zimefungwa, huonji kitu. Zikifunguliwa, tamu! Na ufunguo uko kwenye mate."

"Muongo wewe! Haya, tushindane. Makopa yakiwa matamu kinywani mwako na si kwangu, kihenge chako. Yasipokuwa, nakumeza wewe na hao sita wako."

Buku akakubali. Tumbili alikuwa juu ya mti anajikuna mbavu. Akaitwa awe hakimu.

Fisi akaanza. Nyaku, glup!

"Tamu?" akauliza Tumbili.

"Bado."

Nyaku nyaku, glup!

"Tamu?"

"Bado!"

"Usimeze, ami! Tafuna kwanza!" akasema Tumbili.

Mara ya tatu Fisi akajikaza kweli. Nyaku nyaku nyaku nyaku, mpaka taya zikamuuma, udelele ukamdondoka, machozi yakamtoka. Glup!

"Tamu?"

"Chaki tupu!"

Ikawa zamu ya Buku. Fisi akampanua mdomo, akachungulia shavu hili na shavu lile, akitafuta asali iliyofichwa. Hamna. Buku akatafuna taratibu. Nyaku... nyaku... nyaku... Akafumba macho.

"Inakuja," akasema. "Hiyo, imekuja!"

"Nani shahidi?" akanguruma Fisi. "Utamu umo mdomoni mwake peke yake!"

Tumbili akachukua kipande, akakitia shavuni, akatulia. Nyaku... nyaku... Wale watoto sita wakakodoa macho. Wakashika mikia yao. Nyaku...

"Wallahi," akasema Tumbili, "kama muwa!"

Fisi akapapasa mashavu yake kwa ulimi. "Sasa ufunguo wangu mimi uko wapi?"

"Si uliumeza, bwana?" akajibu Buku. "Tangu uzaliwe unameza bila kutafuna, nao ukapita na vingine. Nenda kautafute kule ulikopita."

Fisi akatoka mbio, pua chini, fuu! fuu! fuu! Mpaka leo anazunguka akinusa alikopita, anautafuta. Buku na wanawe wakala makopa yao mpaka mvua ikanyesha.

Sasa niseme kweli, maana Mungu anasikia. Buku alimdanganya. Fisi hakuumbwa na ufunguo ule. Mate yake ni ya mla nyama, na Buku alijua tangu mwanzo. Sisi binadamu tumepewa, alhamdulillahi. Mwalimu wetu aliuita kimeng'enya, akatuambia tutafune tonge la ugali mara mia bila kumeza, tutaonja sukari yenyewe. Mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kupita ishirini. Na kuna siku bismillahi naikumbuka tonge likiwa tayari limeshuka.

Funzo lake ni hili, watoto: msiseme uongo. Msema uongo hulala njaa. Buku alisema uongo, naye usiku ule akalala... akalala ameshiba, lakini hilo lisiwashughulishe.

Hadithi!
— Itafune!
Nimeze?
— Meza, imekuwa tamu!