Tonge la Kwanza la Mwantumu

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Maulidi, saa saba na robo mchana, adhana ya adhuhuri imekwisha na chungu hakijapoa, Mwantumu aliponyanyua tonge la wali mbele ya jamaa zake mjini Korogwe. Kwao, aliyepona hupika mwenyewe, kisha humlisha kwa mkono wake yule aliyemrudisha kwenye chakula. Mlishwa huwa mzazi wake wa pili mpaka kaburini.

Watatu walikaa jamvini: Shekue mumewe, aliyejaliwa mikono isiyovumilia taka, Bi Kibibi mama mkwe, aliyejaliwa subira ya kuchemsha jiwe, na Sista Ndeshi, muuguzi, aliyejaliwa jicho la kuiona hatari ikiwa bado njiani.

Mwantumu alikuwa amekatwa sehemu kubwa ya utumbo uliojisokota. Zaidi ya mwaka aliishi kwa chakula cha mshipani, mfuko mweupe kama tui ukishuka kwa mrija uliopenya kifuani hadi karibu na moyo. Daktari alimwambia azoee, huenda hatakula tena.

"Mrija nitauzoea," alijibu. "Njaa yangu siiagi."

Mrija ule ulikuwa mlango. Uchafu kidogo ungeingia damuni na kumuua. Shekue, fundi baiskeli mwenye grisi kwenye kucha tangu ujana, alinawa kwa sabuni hadi viwikoni kila alipougusa, kama alivyofundishwa hospitalini. Mjomba wa Mwantumu alipokuja kufunga hirizi kwenye mrija, Shekue alimzuia mlangoni.

"Mjomba, dua omba. Hirizi funga mguuni mwa kitanda."

"Siku hizi umekuwa daktari?"

"Nimekuwa mume."

Utumbo uliobaki nao ulikuwa umesahau kazi. Daktari aliporuhusu ajaribu, Bi Kibibi alimpa uji mwepesi kijiko kimoja, ukarudi. Akapika mwingine, ukarudi.

"Mama, unamaliza unga."

"Unga wangu, tumbo lako. Tuone nani atachoka."

Tumbo ndilo lililochoka kukataa. Uji ukashika, ukafuata mtori wa ndizi, ukafuata wali laini.

Siku alipomaliza bakuli zima, vigelegele vilipigwa, na Mwantumu akaubana mrija mwenyewe, mfuko ukiwa nusu. "Mtoto huachishwa ziwa siku moja, kwa shubiri," alisema. "Nami leo nimejiachisha."

Muda si muda jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, sura za watu zikafifia. Sista Ndeshi, aliyekuwa amekuja kumpima, alimpaka asali ndani ya shavu na kuufungua mrija.

"Mwili wako umezoea sukari inayomiminika," alimwambia alipozinduka. "Ukiikata ghafla, unaendelea kuiunguza iliyobaki mpaka uanguke. Gari la Lushoto halizimwi injini mteremkoni."

"Unaniamuru, Sista?"

"Nakupunguzia. Amri ungeikataa."

Kwa idhini ya daktari akampunguzia kweli: kila mfuko ulipokaribia kwisha aliupunguza kasi, kisha mifuko ya wiki ikapungua, huku akimpima uzito na sukari, hata mrija ukatolewa na Mwantumu akabaki amesimama.

Sasa tonge lilikuwa mkononi. Bila Shekue, angekufa kabla ya uji. Bila Bi Kibibi, pasingekuwa na cha kumwachisha mrija. Bila Sista Ndeshi, angeanguka mlangoni mwa kupona. Na bila jeuri yake mwenyewe, nani angejaribu?

"Mwantumu," alisema Bi Kibibi, "wali unapoa."

"Uache upoe, mama. Mimi nimengoja zaidi yake."

Wako wanaosimulia kwamba aliligawa tonge mara tatu. Si kweli, tonge lililogawanywa ni makombo. Wengine hudai alilila mwenyewe. Nao wamekosea, ingawa wazo hilo lilimpitia. Na wasemao ilikuwa alasiri hawakuwapo. Ilikuwa saa saba na robo, mkono wake ukiwa hewani na midomo mitatu imefumbwa kwa heshima, kila mmoja akimtazama mwenzake. Enyi mnaosikiliza, lingekuwa mkononi mwenu, mngemlisha nani?