Talaka ya Mwanatumu, Mke wa Ndani ya Mti

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mume, mke na ukuta. Atakayesinzia, atapewa kesi aiamue.

Hapo kale, chini ya mvule katika msitu wa Kindongo, waliketi watu wa kesi. Nitawataja mmoja mmoja, maana wasimulizi wa siku hizi husema "wanyama wote walikuja", na si kweli. Alikuwapo Nyati, Hakimu, mwenye pembe zilizogawanyika katikati kama nywele za mtu aliyesoma. Alikuwapo Korongo, Kadhi, mweupe toka shingoni hadi mkiani. Alikuwapo Ngiri, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, mwenye kupiga magoti hata pasipo haja. Alikuwapo Mbaruku bin Kibwe, hondohondo, mdaiwa. Alikuwapo Chande bin Pazi, hondohondo, kaka wa mdai. Alikuwapo Kigong'ota, jirani, ambaye hakualikwa. Mdai mwenyewe hakuandikwa, kwa kuwa alikuwa ndani ya mvule huohuo, na sheria huandika wanaoonekana.

Mdai aliitwa Mwanatumu binti Pazi. Si Mwanaidi. Mwanaidi ni mwingine, tutamfikia.

Sasa sikilizeni ilivyoanza.

Mnajua desturi ya hondohondo. Mke akitaka kutaga, huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Huachwa ufa mmoja mwembamba, wa kupitisha mdomo. Humo ndani mke hunyonyoka manyoya ya mabawa, asiweze kuruka, na mume humletea matunda. Na sheria ya msitu ilisema: ukuta ni wa mume, maadamu ndoa ipo, asiuguse mwingine. Desturi nzuri sana, hasa kwa aliye nje.

Mbaruku alileta matunda. Kisha akaleta machache. Kisha hakuleta. Alikuwa ameziba mlango mwingine, kwenye mkuyu, na ndani yake yumo Mwanaidi.

Mwanatumu akatoa mdomo ufani, akamwita kaka yake.

"Kaka Chande, nina njaa. Nitoe humu."

"Nikutoe vipi, dada, na ukuta ni wa shemeji? Kwanza talaka, ndipo ukuta."

"Basi niombee hiyo talaka. Upesi."

"Tulia. Mambo ya sheria hayataki papara. Lazima tuchague njia iliyo sahihi."

Chande alikuwa ndege mwenye heshima zake. Aliona sheria ina milango mitatu, wa Hakimu, wa baraza na wa Kadhi, akachagua uliokuwa mrefu kuliko yote. Akaenda kwa Nyati.

"Mheshimiwa, dada yangu anataka kuachika. Mumewe hamlishi."

Nyati akafungua kitabu cha sheria, akasoma mstari wa kwanza, akakifunga.

"Mmepita barazani?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi shauri limekuja kabla ya wakati wake. Njia ni nzuri, ila si yenu."

Chande akarudi mvuleni.

"Kaka, umeniletea nini?"

"Nimekuletea habari."

"Habari hazitafuniki, kaka."

Chande akaenda barazani. Ngiri akapiga magoti, akamwita Mbaruku.

"Mbaruku, mwanangu, mkeo analalamika njaa."

"Mimi sikatai kumlisha, mzee. Ila mvule uko mbali, na mkuyu uko njiani."

"Na hasira naye huna?"

"Sina, mzee. Navumilia."

"Mnaona! Mume anavumilia. Sisi kazi yetu ni kupatanisha. Waje wote wawili, wale sahani moja mbele yetu."

"Mzee," akasema Chande, "dada yangu amezibiwa ndani."

"Basi ni yeye asiyetaka suluhu. Njia ni nzuri, ila si yenu."

Chande akarudi mvuleni.

"Kaka, umeniletea nini?"

"Nimekuletea habari."

"Habari hazitafuniki, kaka. Hata tini moja hukuiona njiani?"

"Niliziona, zimeiva. Lakini nikikulisha mimi watasema unalishwa, na kesi yetu ni kwamba hulishwi! Unataka tushindwe?"

Chande akaenda kwa Korongo. Akamkuta amesimama kwa mguu mmoja, anafikiri.

"Talaka imo kinywani mwa mume," akasema Korongo. "Khului, mke hujikomboa kwa kurudisha mahari. Fasakhi, naivunja ndoa mimi, mume akishindwa kulisha. Mwataka ipi?"

"Ipi iliyo nzuri, Sheikh?"

"Mimi hujibu, sichagulii watu."

"Basi fasakhi."

"Vyema. Alete ushahidi wa njaa. Aje mwenyewe, nimwone mbavu."

"Hawezi kutoka, Sheikh, mpaka ndoa ivunjwe."

"Na mimi siwezi kuivunja mpaka atoke. Njia ni nzuri, ila si yenu."

Chande akarudi mvuleni.

"Kaka, umeniletea nini?" Sauti ilikuwa ndogo, kama ya kifaranga.

"Nimekuletea habari."

"Ziweke hapo mlangoni, kaka."

Kigong'ota alikuwa juu ya tawi, akasikia.

"Chande, mdomo ninao. Nigonge, atoke, ale. Sheria mtaandikiana baadaye."

"Ugonge bila hukumu? Wewe! Utatuharibia kesi."

"Kwani kesi ndiyo yenye njaa?"

"Nenda kwenye mti wako, bwana. Haya si mambo ya kugongagonga."

Basi Chande, ili asikosee njia, akawakusanya wakubwa wote watatu chini ya mvule. Ndio hao niliowataja. Wakabishana toka umande hadi jua la utosini. Kesho yake wakabishana. Kesho kutwa wakabishana, Ngiri magotini, Korongo akibadili mguu. Mwisho Nyati akafungua kitabu tena na, kwa bahati mbaya, akasoma mstari wa pili. Ulisema: mwenye dharura ya njaa haendi barazani, aje kwa Hakimu moja kwa moja.

"Kumbe mlango wa kwanza ndio wenyewe!" akasema Chande, na moyo wake ukaburudika, maana hakuwa amekosea kuchagua.

Ndoa ikavunjwa. Mbaruku akasema anavumilia.

Nyati akasogea ufani. "Mdai, umeridhika na hukumu?"

Kimya.

"Mdai, umeridhika?"

Kimya.

"Mdai?"

Kimya.

"Kunyamaza kwa mwanamke ndiyo ridhaa yake," akasema Korongo.

Ngiri akasema amefurahi kumwona mke mtulivu namna ile. Wakapeana mikono, wale wenye mikono. Kigong'ota akapewa ruhusa ya kugonga.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye kuitaka aibebe, asiyeitaka asiikanyage. Funzo lake: ukifungua sheria, soma mpaka mstari wa pili. Na penye njaa, toboa kwanza. Sheria itakukuta unatafuna. Nawe uliyejaliwa kaka mwenye kujua njia zote, mshukuru Mungu, kisha ujiwekee akiba ya tini.

Kigong'ota alitoboa ukuta alasiri ile. Mwanatumu binti Pazi alikuwa amekufa tangu jana yake.